Muvi za Brazil siyo City of God peke yake jamani

Kila nikisema napenda muvi za Kibrazil mtu ananijibu "aah, City of God!" na stori inaishia hapo hapo. Sikatai, ile muvi ni moto. Mi niliiona mara ya kwanza kibanda umiza, ile ya kutafsiriwa, na jamaa anayetafsiri alikuwa anaongelea kila kitu mpaka yule kuku anayekimbizwa pale mwanzo alipewa maneno yake, watu tunacheka, tunajua ni masihara, baadae kuna katoto kanaulizwa kachague risasi ya mkono au ya mguu na kibanda kizima kikawa kimya.

Ni ya 2002, ya Fernando Meirelles na Kátia Lund, na waigizaji wengi walikuwa vijana wa favela zenyewe (mitaa ya mabanda ya kwao) siyo mastaa wa TV. Oscar za 2004 ikapata nominesheni 4. Huyo huyo Meirelles ndo baadae akaja kushuti Kibera kwa ajili ya The Constant Gardener ya 2005, kwa hiyo siyo mgeni sana kwetu.

Ila mtu ukibaki hapo utadhani Brazil nzima ni bunduki na majambazi. Mi naona (na mnitukane tu) muvi zao kali kuliko zote hazina hata staringi wa kiume. Staringi ni mama fulani wa umri, amechoka, ana mkoba wake.

Mfano Central do Brasil ya 1998, ya Walter Salles. Dora ni mwalimu mstaafu, anakaa kwenye stesheni ya treni Rio anawaandikia barua watu wasiojua kuandika, wanamlipa, akifika nyumbani nyingine anachana nyingine anatupa kwenye droo. Hazipeleki posta! Halafu anamuuza mtoto yatima, anaenda kununua TV mpya. Mtoto, kwa TV. Na bado ukifika mwisho unamlilia yeye, sijui Fernanda Montenegro alifanyaje pale. Yule dogo anayecheza Josué alikuwa mng'arisha viatu wa kweli, Salles alikutana naye airport. Muvi ikachukua Dubu wa Dhahabu, ile tuzo kubwa ya tamasha la filamu Berlin, mama akapata nominesheni ya Oscar akakosa. Miaka 26 baadae binti yake wa kumzaa, Fernanda Torres, naye akapata nominesheni hiyo hiyo kwa muvi ya Salles huyo huyo, Ainda Estou Aqui, naye akakosa, ila muvi yenyewe ikawaletea Wabrazil Oscar yao ya kwanza Machi 2025. Ile ni ya mke ambaye mumewe alichukuliwa na wanajeshi Januari 1971 hakurudi tena, na cheti cha kifo kakipata 1996. Fikiria hiyo miaka.

Sasa ninayoipenda kabisaaa ni Que Horas Ela Volta? ya 2015, ya dada mmoja anaitwa Anna Muylaert. Jina lake ni kama "Anarudi Saa Ngapi?" Val ni beki tatu São Paulo, zaidi ya miaka 10 kwa bosi mmoja, kamlea mtoto wa bosi huku wa kwake kamuacha kijijini kaskazini mashariki huko. Siku binti anakuja mjini kufanya mtihani wa chuo, anafikia hapo hapo kwa bosi, na haelewi kwa nini asilale chumba cha wageni wakati kiko tupu. Anakula mezani, mama yake mzazi ndo anamhudumia! (Kireno wanasema "mesa", ndo meza yetu hii hii tuliyoipata kwa Wareno, sasa Val anaipanga kila siku na hajawahi kuikalia.) Anakula aiskrimu ya mtoto wa bosi. Anaingia swimming pool, kesho yake bosi mwanamke anaamuru maji yatolewe yote, eti kaona panya.

Hakuna mtu anayepigwa kwenye hii muvi. Hakuna hata anayetukanwa, wote wanaongea kwa upole, Val wanamwambia wewe ni kama familia. Na nilitetemeka kuliko nilivyotetemeka kwenye City of God, maana favela mi sijawahi kuishi lakini ile nyumba nimeishi. Wabrazil walibadilisha katiba 2013 ili wafanyakazi wa ndani wapate saa 8 za kazi na ovataimu kama watu wengine, kwa hiyo muvi imetoka nchi bado inabishana hayo.

Kuna sehemu Val anaingia kwenye lile pool usiku, maji yamebaki ya magotini, anampigia binti yake simu kumwambia niko wapi. Basi. Sisemi zaidi.

Niliiangalia tena juzi na mama sebuleni, mi nikawa namsomea sabutaito kwa Kiswahili. Kwetu kulikuwa na kikombe cha dada wa kazi, cha plastiki ya kijani, kinakaa peke yake chini ya sinki. Mama aliangalia mpaka mwisho akasema huyo mama mwenye nyumba ana roho mbaya kweli. Nikamwambia ndiyo mama.