Dumu la Nzi na Barua ya Posa

Watu wa mtaani kwetu hapa Tanga wakikusimulia habari ya dumu langu, watakwambia lilianguka. Kweli, lilianguka. Wasichokwambia ni kwamba lilipoanguka lilikuwa limejaa nzi pomoni. Mtego ulifanya kazi, na kwa hilo sirudi nyuma hata mbele ya kadhi.

Jirani yangu anafuga kuku wa mayai nyuma ya ukuta. Samadi anailundika palepale, anasubiri mteja wa mbolea ambaye tangu nianze kumsikia hajatokea. Juu ya hapo weka Desemba, msimu wa maembe, na mwembe wangu wa dodo unaoangusha matunda usiku kucha kama mtu anayehama nyumba. Asubuhi ukifungua mlango maembe yamepasuka uwanja mzima na nzi wameshakaa kitako. Ukinywa chai, mkono mmoja unashika kikombe, wa pili unapunga. Mgeni akitokea njiani akaona unavyopunga, anadhani umemuaga, anageuza.

Tulijaribu mengi. Tulifukiza maganda makavu ya machungwa, tukakohoa sisi. Tulitundika mlangoni mfuko mweupe wa maji, kama unavyoona kwenye migahawa, na nzi wakaja kuukalia. Karatasi za gundi zilinasa nzi wachache na ushungi wa mama mkwe, na ushungi ndio uliozungumzwa zaidi.

Ndipo mpwa wangu akanionyesha kwenye simu namna ya kutengeneza mtego wa nje. Unachukua dumu la maji ya kunywa la lita 6, lile linaloonyesha ndani. Unalikata pale juu linapoanza kubana, kile kipande cha mdomo unakigeuza kichwa chini na kukitumbukiza ndani, tayari una faneli. Chini unatia chambo. Nzi anaifuata harufu, anaingia kwa kile kitundu, akishashiba anataka kutoka. Sasa nzi akitaka kutoka hukimbilia kwenye mwanga, juu na pembeni. Hana habari kwamba mlango aliouingilia uko katikati, chini yake. Anazunguka ukutani mpaka anachoka. Ukitia na tone la sabuni ya maji, akitua juu ya maji hasimami, anazama moja kwa moja.

Mpwa alisema chambo ni sukari na hamira. Sukari! Kwa bei hii, nimtilie nzi sukari wakati mimi chai naipimia kwa kijiko? Nilitelemka hadi Deep Sea, kwenye soko la samaki, nikaomba utumbo na vichwa vya vibua. Nilipewa bure, na yule kijana aliyenipa akaniombea dua, akidhani hali nyumbani imekuwa mbaya. Nikavitia dumuni, nikamwagia maji, nikaviacha juani mpaka vikawa tayari. Utajuaje kwamba viko tayari? Paka wa mtaa alikuja, akanusa, akarudi kinyumenyume.

"Baba Asha," mke wangu akasema, pua kaifunika kwa upande wa kanga, "hicho kitu kakiweke kule mwisho wa uwanja."

"Mlinzi hakai nyuma ya nyumba, Mama Asha."

Nikalitundika kwenye tawi la mwembe, mkabala na baraza, nilione nikiwa nimekaa.

Jamani, raha ya mtego unaonasa! Walikuja wale wadogo weusi wa nyumbani, wakaja wale wa kijani wanaong'aa, wakaja wengine wanene wa buluu sijui wametoka wapi. Ukisogeza sikio unasikia dumu zima linavuma. Wa chini wamekufa, wa kati wanakufa, wa juu wanapanda ukutani, wanateleza, wanapanda tena. Nikitoka msikitini alasiri nilipitia dumuni kwanza ndipo nivue viatu. Kila aliyekuja kunisalimia nilimpeleka akaone, na wengine hawakurudi.

Mama Asha ndiye aliyeanza chokochoko. "Mbona barazani wamezidi?"

Nikatazama. Kweli kulikuwa na nzi barazani, tena si haba. Nikamwambia hao wako kwenye foleni.

Siku chache baadaye akapita bwana afya wa kata, maana nilikuwa nimepeleka malalamiko ya samadi ya jirani. Alikwenda akaiona, akatoa maelekezo, kisha akaja kwangu kunipa majibu, akaliona dumu. Akalitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Nikadhani kavutiwa.

Akasema mtego wa harufu hauchagui. Unaita nzi wako, wa jirani, na wa mtaa wa pili, kwa kuwa nzi anaweza kuruka kilomita kadhaa akisikia harufu inayompendeza. Wale wanaoingia ni sehemu tu ya waalikwa. Kwa hiyo mtego huwekwa mbali na nyumba, upande ule wanakotokea, uwakamate njiani kabla hawajafika. Akaendelea: nzi jike hutaga mayai hata 500 katika uhai wake, na kwa joto letu la pwani, kutoka yai mpaka nzi kamili ni siku 7 hadi 10 tu. Ukimkamata mzazi, watoto wako kwenye samadi wanakua. Samadi ikiondolewa kila wiki, au ikikaushwa vizuri, hapo umewakata kwenye mzizi.

Halafu akauliza kama choo changu kina bomba la hewa. Nikasema kinalo. Na wavu juu ya bomba upo? Upo. "Basi mzee wangu, ule ndio mtego. Ndani ya choo pakiwa na giza, nzi wa shimoni anauona mwanga wa bomba, anaufuata, anakutana na wavu, anafia humohumo. Unafanya kazi kila siku na haujawahi kukuomba utumbo wa kibua."

Alikuwa kijana mwenye adabu, ila maneno yake makali. Dumu sikulihamisha. Nilikuwa nangoja lijae.

Kulikuwa pia na suala la nyigu. Hawa walikuwa na kiota chao chini ya upenu, kile cha karatasi ya kijivu chenye vijumba vidogovidogo, na Mama Asha alikuwa akiwatetea. Nyigu hukamata viwavi kwenye mchicha wake, anasema, huwapeleka kwa watoto wao kiotani. Lakini maembe yalipoanza kuchuruza utamu, nyigu waliacha viwavi wakahamia mezani. Nikatengeneza mtego wa pili kwa chupa ya lita moja na nusu: maji ya embe, sukari (hapa ilinibidi), na siki kidogo. Siki ni kwa ajili ya nyuki, wakiinusa hawaingii. Mimi na nyuki hatuna ugomvi. Chupa nikaifunga kwenye tawi la mpera, palipo na njia ya kuingilia uani.

Sasa ndipo ikafika Jumamosi ya posa.

Binti yetu Asha alikuwa amepata mchumba, na upande wa kijana ukaleta taarifa kwamba washenga watakuja baada ya adhuhuri. Mama Asha akaniamuru niondoe madumu yangu yote. Nikamwambia nimesikia. Kulitupa dumu lililojaa hivyo si kazi ndogo, linahitaji shimo, na shimo linahitaji mtu wa kuchimba. Nikalipandisha juu zaidi kwa kamba ya manila, likaingia kwenye majani, halionekani. Upepo nao niliupima. Kaskazi ilikuwa inavuma vizuri, inatoka upande wa baraza kwenda mwembeni. Wageni wangekaa barazani, harufu ingekwenda kwa jirani, ambako ndiko inakostahili.

Wakafika. Wazee wenye kanzu zilizopigwa pasi zikasimama, kina mama na sinia, na juu ya sinia barua ya posa imefungwa kwenye leso nyekundu. Kiongozi wao mzee mmoja mnene, mwenye bakora na sauti ya kutoa hotuba. Akaangalia baraza, akaangalia mwembe, akafuta jasho.

"Shemeji zangu, kivuli kizuri kile. Tutandikeni pale."

Mgeni akichagua mahali utamkataliaje? Mikeka ikahamishwa. Mama Asha alinitazama kutoka mlangoni. Sitalieleza lile jicho.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Salamu zikapita, kahawa ikapita, halwa ikaletwa, nzi wakaletwa na halwa. Mzee akakohoa, akaanza kwa lugha ya posa, ile ya kuzungukazunguka:

"Sisi tulikuwa tunapita njia. Katika kupita, tukasikia harufu nzuri. Tukasema, nyumba hii ina ua. Harufu ile ndiyo iliyotuvuta..."

Upepo ukageuka hapo hapo. Alivuta pumzi ya kuendeleza sentensi, sentensi haikuendelea. Macho yakamtoka machozi. Kijana mmoja wa upande wao akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa makubazi.

Mzee ni mtu mzima, akajikaza. "...Ua hilo," akasema polepole akipumulia mdomoni, "tunaomba tulichume."

Juu majani yakatikisika. Alikuwa kunguru. Kunguru hawa hawakuwa wetu tangu mwanzo, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, halafu wakavuka bahari kutufuata huku. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, kunguru yule alikuwa kazini. Alikuwa ameviona vichwa vya vibua. Akatua kwenye ukingo wa dumu, akaingiza kichwa, dumu likalala upande.

Tone la kwanza likatua kwenye kofia ya mzee. Akainua uso, akidhani ndege kamfanyia haja, akasema "heri hiyo," maana wapo wanaosema ni bahati. La pili likatua begani. Akaligusa kwa kidole, akapeleka kidole puani. Nikaona rangi inamtoka.

Fundo langu halikufungwa kwa ajili ya kunguru wawili, na wa pili alikuwa anakuja.

Dumu likashuka kwa ukamilifu wake katikati ya mkeka, juu ya sinia. Sauti yake sijawahi kuisikia tena. Leso nyekundu ikafunguka yenyewe, na barua ikaelea. Wino wa buluu ulikuwa ukitambaa kutoka "Mheshimiwa Mzazi" kwenda chini, kichwa cha kibua kimekaa kwenye sahihi, na nzi mmoja wa kijani, mzima wa afya, akatoka majini, akapanda juu ya karatasi, akaanza kusugua mikono. Nzi huonja kwa miguu. Basi yeye ndiye wa kwanza kuisoma posa ile.

Waliobaki hai wakaruka kwa pamoja. Kina mama wakapiga kelele, wazee wakasimama na mkeka. Mzee akarusha bakora kuwafukuza nzi, akarudi nyuma, akarusha tena, na safari hii bakora ikaipata chupa kwenye mpera.

Nyuki akikuuma mwiba wake unabaki kwako naye anakufa, kwa hiyo kila nyuki ana nafasi moja. Nyigu mwiba ni mali yake, anakuuma, anauchukua, anahamia kwa mwingine. Wale walikuwa wamelewa maji ya embe yaliyochacha na wana hasira za kulala chupani. Kijana wa makubazi aliumwa shingoni. Mimi sikio. Shemeji yangu, msemaji wetu, mtu ambaye tulimtegemea kwa ulimi wake, aliumwa mdomo wa juu.

Wageni walikuwa wameshafika getini. Lakini posa haiachwi nusu, na mzee, kwa heshima yake, akasimama nje ya geti, kitambaa puani, akauliza kwa mbali: mahari binti mwenyewe ameshaitaja, sisi hatuna neno, je, kilemba cha baba ni kiasi gani?

Kwa kawaida hapo ndipo pana kazi. Wewe unataja, wao wanalia, mnakunywa kahawa, mnateremka, mpaka magharibi. Tulikuwa tumekubaliana shemeji aseme laki nne, ili tuishie mbili na nusu. Shemeji akafungua ule mdomo, ulioanza kufanana na wa mtu mwingine, akasema:

"Laki nanne."

"Nane?"

"Nanne!"

"Tumekubali nane," mzee akasema, na gari likawashwa.

Mimi ni nani hata nianze kumsahihisha mgonjwa? Walileta zote, na masharti yao yalikuwa moja tu, harusi ifanyike ukumbini.

Kesho yake nilichimba shimo. Mama Asha alikaa barazani akinisimamia, akionyesha kwa kidole mahali pa kuchimba, mbali, mbali zaidi, hapana, kule. Jirani naye kaondoa samadi yake, sijui kwa agizo la bwana afya au kwa aibu ya kusikia kelele zile.

Wiki ilipopita simu ikaita. Alikuwa mzee mwenyewe. Akaniuliza hali ya sikio, hali ya shemeji, hali ya mvua. Kisha akashusha sauti. Ana ng'ombe wanne wa maziwa nyumbani kwake na nzi wanamsumbua hata kula hawezi.

"Hebu niambie, mkwe. Ulitia utumbo wa samaki gani?"

"Kibua," nikasema. "Sasa sikiliza, ukishavipata unaviacha juani mpaka..."

Mama Asha akaninyang'anya simu.