EF 60 si lazima iwe habari njema

Mgonjwa akitoka kupimwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ndugu humuuliza: wamekuta asilimia ngapi? Wanaulizia EF, sehemu ya damu inayosukumwa nje na chumba cha chini cha kushoto kila moyo unapojikaza. Hesabu yenyewe nyepesi. Chumba kikijaa mililita 120 na zikabaki 50, zimetoka 70: asilimia 58, ya kawaida kabisa.

Wanaoitetea namba hii hawajakosea. Kipimo hakina mionzi, kinafanyika hata mgonjwa akiwa kitandani, na EF ikiwa 40 au chini ndipo dawa nyingi za moyo uliochoka zilipothibitishwa kuokoa maisha. Isitoshe, inawawezesha daktari wa Bukoba na bingwa wa Dar es Salaam kuelewana kwa simu moja.

Ila namba hiyo imetokana na jicho na mkono wa mtu. Mpimaji husimamisha picha, akachora ukingo wa ndani wa chumba kikiwa kimejaa, kisha kikiwa kimejikaza. Mashine ndiyo inayokadiria ujazo. Kwa mgonjwa mnene ukuta wa moyo hufifia, na mstari huchorwa kwa kukisia. Kwa hiyo aliyepata 50 mwezi uliopita na 46 leo asikimbilie kulia. Huenda aliyebadilika ni mpimaji.

Hilo bado dogo. Kinachonisumbua zaidi ni valvu, yaani milango ya moyo inayozuia damu isirudi nyuma. Huku Afrika Mashariki homa ya rumatiki inaendelea kuharibu valvu za watoto na vijana, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ikivuja, damu hurudi juu, upande wa mapafu. EF haijali imekwenda wapi. Katika zile mililita 70, hata 30 zikirudi nyuma na mwili ukaambulia 40, ripoti itasoma 58 vilevile, na kijana anahema akipanda ngazi! Ndiyo maana, valvu hiyo ikivuja sana, miongozo ya upasuaji huona EF ya 60 au chini kuwa dalili kwamba msuli umeanza kuchoka.

Wapo wanaotaka EF ikiachie nafasi kipimo cha jinsi msuli unavyofupika, ambacho kwa wagonjwa wa saratani wanaotumia doksorubisini kinaweza kuonyesha madhara kabla EF haijashuka. Ni kizuri, lakini kinadai picha safi, na mashine za kampuni tofauti hazitoi majibu yanayolingana. Hospitali ya wilaya yenye mashine moja ya zamani haitafika huko kesho.

Mimi singeitupa EF. Ningetaka tu iandikwe mwisho wa ripoti, baada ya ukubwa wa vyumba, hali ya kila valvu, na neno la ukweli kuhusu picha: ilionekana vizuri, au ilikisiwa.