Huyu Mwandishi Hajawahi Kungoja Barua

Kwa miaka miwili na nusu nilimsomea mama yangu kila jioni. Mtoto wa jicho alikuwa amemnyang'anya herufi kidogo kidogo, kwanza zile za kwenye vikaratasi vya dawa, halafu za gazeti, mwisho hata vichwa vya sura katika vitabu vyake mwenyewe. Alisema ni kama mtu amepumulia kioo akasahau kukifuta. Tumezaliwa wanne, na mzazi akizeeka kazi hujigawa zenyewe. Mwenye gari akawa wa hospitali. Mwenye mkono mwepesi akawa wa kukata kucha na kusuka nywele. Mimi ninayeishi kwa maandishi nikapewa jioni.

Upasuaji ulichelewa kwa sababu ya presha iliyokataa kutulia na, niseme ukweli, kwa sababu ya woga wetu sote. Ninachotaka kutetea hapa ni jambo moja nililolijua katika jioni zile: watu wazima wa nyumba moja wasomeane kwa sauti. Kuwasomea watoto kumekwisha kusifiwa vya kutosha. Mtoto tunamsomea mpaka azijue herufi, kisha tunamkabidhi kitabu chake na pembe yake, na kuanzia hapo kila mmoja anasoma kimya mpaka anazikwa. Tunaacha kusomeana wakati ule ule ambao tungekuwa na kitu cha kuambiana juu ya tunachokisoma. Naiona hasara kubwa, na sikuijua mpaka nilipolazimika.

Nilianza vibaya. Nilisoma kwa mwendo wangu wa kila siku, mbio, na nikapaza sauti nikidhani hivyo ndivyo mtu wa miaka 78 anavyosikia. Mama akawa anaitikia kwa adabu tu. Baadaye nikaelewa kosa langu. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, na humo ndimo zinamokaa s, f na sh. Irabu hubaki nzito na wazi. Ndiyo maana mzee hukwambia, "Nakusikia, ila sikuelewi." Ukipiga kelele unaziongeza zile irabu ambazo tangu mwanzo alikuwa anazisikia. Kinachofaa ni kuifanya sauti iwe nzito kidogo, kutamka kila herufi mpaka mwisho, kukaa mbele yake karibu, na kuzima televisheni.

Mwendo ulirekebishwa na Mama mwenyewe. Jioni moja koo lilinikauka, binti yangu akanipokea kitabu na kusoma ukurasa mzima kwa pumzi mbili. Mama akamgusa goti. "Taratibu, mjukuu wangu. Hawa watu ndiyo kwanza wanaingia ndani, hata viatu hawajavua." Tangu siku hiyo tulisoma ukurasa mmoja kwa dakika tatu hivi, kurasa kumi kwa jioni. Riwaya ya kurasa 300 ilituchukua mwezi mzima. Nilikuwa nimezoea kumaliza kitabu cha ukubwa huo kwa siku mbili tatu, na vingi nilivyovimaliza hivyo leo sikumbuki jina la mhusika hata mmoja. Wale tuliowasoma pamoja bado wanatajwa nyumbani kama jamaa waliohama.

Sasa nije kwenye kiini cha jambo.

Tangu nina miaka ishirini nimekuwa nikimuuliza Mama habari za maisha yake. Nimekaa naye na daftari, nimekaa naye na simu inayorekodi. Majibu yake yalikuwa mafupi siku zote. "Tulikuwa tunaishi tu." "Ilikuwa kazi." "Baba yako alikuwa mtu mwema." Nilidhani amesahau. Kuna wakati nilidhani, kwa uchungu, kwamba hanioni kuwa mtu wa kuambiwa.

Kisha tukafika kwenye sura moja ya riwaya ambamo mke anangoja barua ya mumewe aliye mbali. Mwandishi amemsimamisha dirishani asubuhi na jioni, macho njiani. Ni ukurasa mzuri, wenye mvua na ukimya, nami nilikuwa naufurahia mdomoni. Mama akainua mkono.

"Huyu mwandishi hajawahi kungoja barua."

Nikamwuliza kwa nini.

"Anayengoja barua hasimami dirishani. Ukisimama siku ya kwanza, siku ya pili utaliogopa hilo dirisha. Unatafuta kazi iliyo mbali na mlango. Unafua nguo zilizo safi. Na mtu akibisha hodi hukimbii. Unamwacha abishe mara ya pili, kwa sababu kati ya hodi ya kwanza na ya pili, barua bado inaweza kuwa imekuja."

Nilibaki na kidole juu ya mstari. Baba alifanya kazi mbali miezi kumi na minne kabla sijazaliwa. Hilo sote tulilijua, kama mtu anavyojua tarehe. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ndani ya miezi ile alikuwamo mwanamke wa miaka ishirini na kitu anayefua nguo safi. Sikumwuliza zaidi. Niliendelea na sentensi iliyofuata, maana niliogopa swali langu lingemrudisha kwenye "tulikuwa tunaishi tu".

Tangu hapo nikawa nachagua vitabu kwa jicho jingine, nikitafuta vile ambavyo angegombana navyo. Mwandishi mmoja alimliza mtoto mgonjwa usiku kucha. Mama akasema mtoto mwenye homa kali hana nguvu ya kulia, ukimsikia analia, shukuru. Mwingine alimfanya mke amsamehe mumewe kati ya chakula cha jioni na kulala, na Mama akacheka mpaka akakohoa. "Kwa jioni moja?" Akanitaka nirudie ile aya, nikairudia, akacheka tena, na safari hii kicheko kilikatika njiani. Hapo pia sikuuliza.

Nimelifikiria sana hili na nadhani nimelielewa. Ukimwuliza mzazi habari zake unamsimamisha kizimbani, hata kama umeuliza kwa upendo. Ana watu wa kuwalinda, wengine wao wamekufa. Kitabu kikiwa katikati, anayeshtakiwa ni mwandishi, naye Mama ni shahidi tu. Na mtu anayekijua kitu kweli hawezi kuvumilia kukisikia kikisemwa kwa uongo. Mambo ambayo hakuyasema kwa miaka thelathini kwa sababu niliyauliza, aliyasema kwa sababu mgeni aliyakosea.

Kuna jingine ambalo sikulitarajia. Kama wazee wengi, Mama amekuwa mgumu wa kukumbuka majina. Hupita kwa ndugu zangu wote kabla ya kulifikia langu, na mimi mwenye miaka 54 nimeanza kumfuata. Jina linakaa ulimini na halishuki. Nilikuwa nimeuchukua uzee kama upotevu wa maneno. Wanaochunguza ubongo wanasema majina ndiyo huanza kutupiga chenga, lakini hazina ya msamiati huendelea kukua kwa wengi wetu hata kupita miaka sitini. Kwa Mama nililiona hilo waziwazi. Nikisoma "giza lilianza kuingia", yeye anasema, "Hapo ni utusitusi, giza bado." Alikuwa akinihariri, na mara nyingi alikuwa sahihi. Nimeandika miaka mingi nikiwa na mhariri huyu sebuleni, sikujua.

Si ajabu basi kwamba kusoma kulianza na sauti. Mwishoni mwa karne ya 4 Augustino, mwanateolojia wa Kikristo, aliona vyema kutuandikia kwamba askofu Ambrosi wa Milano alikuwa akisoma macho yakitembea juu ya kurasa huku sauti na ulimi vimetulia. Wasomi wanabishana kama jambo hilo lilikuwa geni kiasi gani wakati ule. Kwangu inatosha kwamba mtu alisimama akalitazama. Na katika fasihi yetu wenyewe yuko Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake wosia. Ubeti anaoanza nao kumsemesha mtoto unamwita akae karibu, na kitenzi anachokitumia ni kupulika, yaani kusikiliza. Wino na karatasi vilikuwapo, na bado alitaka binti asikie.

Najua vipo vitabu vilivyorekodiwa, na Mama alivisikiliza mchana akiwa peke yake. Namshukuru kila anayekaa studio kuvisoma, vinaokoa watu wengi kutoka kwenye siku ndefu zisizo na sura. Lakini sauti iliyorekodiwa haisimami unapoinua mkono. Mama alikuwa akibishana nayo hewani, kisha jioni ananieleza walichobishana, na mimi nakuwa nimechelewa.

Mwaka jana presha ikatulia, akafanyiwa upasuaji. Jicho moja, kisha baada ya wiki kadhaa la pili. Nilikuwa nimeuogopa kwa miaka miwili na nusu, kumbe kwa kila jicho kazi yenyewe haikufika nusu saa: tundu la milimita mbili tatu, lenzi iliyopata ukungu inavunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa, na lenzi ya bandia inaingizwa ikiwa imekunjwa. Lenzi hizo zina historia ninayoipenda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia daktari wa macho wa Uingereza, Harold Ridley, aliwatibu marubani waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ngumu kutoka kwenye vioo vya ndege zao, akaona kwamba jicho halikuvikataa vipande vile. Mwaka 1949, London, akapandikiza lenzi ya kwanza iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Nilimsimulia Mama usiku wa kuamkia upasuaji. Akauliza kama wale marubani waliona tena. Nikasema sijui. Akasema basi yeye ataona kwa niaba yao.

Bandeji ilipotolewa alitazama kwanza pazia. Alikuwa akiliita la kijani, kwa kuwa lenzi iliyozeeka huwa na manjano yake na huizuia buluu isifike ndani. Pazia lile ni la buluu. Alilitazama kwa muda. Kisha akageuka, akanishika kidevu kama mtu anavyomshika mtoto ili amfute uso, akanikagua taratibu kutoka paji la uso hadi shingoni.

"Mwanangu," akasema, "kumbe nawe umezeeka."

Hakusema kwa mzaha. Machozi yalikuwa yanamtoka, na muuguzi akamwambia asiyafute kwa mkono. Kwa miaka miwili na nusu alikuwa akiisikia sauti yangu, na sauti haikumwambia. Alikuwa amenitunza mahali fulani nikiwa na umri wa zamani, na asubuhi ile alinipoteza huyo, akanipata huyu mwenye mvi. Nilitaka kumwomba radhi, ingawa sijui kwa kosa gani.

Akarudi kwenye vitabu vyake kama mtu aliyerudi kutoka safari. Asubuhi, mchana, kwa miwani mpya ya kusomea. Nyumba ikawa kimya. Jioni nilikuwa nakaa pale pale na kitabu changu, yeye na chake, nikiona midomo yake ikicheza, wakati mwingine kichwa kikitikisika kukataa. Kuna mwandishi anasahihishwa pale, na mimi sisikii. Nilifurahi kwa ajili yake kutoka moyoni, na nilikuwa na upweke ambao sikujua niupeleke kwa nani. Unawezaje kulalamika kwamba mama yako ameona?

Yalipita majuma sita. Jioni moja alifunga kitabu chake, akaniuliza mbona siku hizi naondoka mapema. Nikashindwa kujibu vizuri. Nikasema nadhani nilikuwa nimezoea kusoma kwa sauti. Akanyamaza kidogo, akasema alidhani mimi ndiye niliyechoka, na alikuwa ameona vibaya kuniomba ilhali macho anayo.

Sasa tunapokezana. Yeye kurasa tano, mimi tano. Anasoma polepole kuliko mimi, na akifika kwenye sentensi asiyoiamini huisoma mara mbili kabla ya kuihukumu. Lenzi za macho yangu zimeanza kukakamaa kama za kila mtu wa umri wangu, kwa hiyo zamu yake ikifika huvua miwani na kufumba macho. Mara ya mwisho alinisomea kitabu nilikuwa na miaka sita. Binti yangu hujiunga siku ambazo hana kazi ya shule, na ameanza naye kuinua mkono.

Jana tulikuwa kwenye sura ya dada wawili ambao hawajasemezana miaka mingi. Mmoja amefika mlangoni kwa mwenzake, amebisha, na ndani kuna taa. Ilikuwa zamu yangu. Nilipogeuza ukurasa nikasikia pumzi za Mama zimebadilika; alikuwa amelala, kichwa kimeegemea bega langu. Zilikuwa zimebaki kurasa mbili kabla ya mwisho wa sura, na nilitaka sana kujua kama mlango ulifunguliwa. Nikaweka alama, nikakifunga kitabu, nikasubiri aamke nimpeleke kitandani.