Msimu wa Sana: waliolalamika hawakuwa wanadeka

Kuna ubishi mmoja kuhusu Skam, ile tamthilia ya vijana ya NRK, shirika la utangazaji la taifa la Norwei, ambao haujaisha mpaka leo: msimu wa nne, wa Sana Bakkoush, ulimtendea haki au ulimpunja? Mashabiki wengi ukiwagusia hapo wanakujibu haraka kwamba wanaolalamika wanatafuta makosa tu, eti wanataka mhusika Mwislamu asiyekosea, sasa mimi naona hilo jibu halijawasikiliza hao watu hata kidogo.

Kwa ambaye hakuiona: iliandikwa na kuongozwa na Julie Andem, ikaanza Septemba 2015 ikaisha Juni 2017, misimu minne na kila msimu una mwenyewe. Eva, Noora, Isak, halafu Sana. Vipande vilikuwa vinawekwa mtandaoni saa ileile ambayo jambo linatokea kwenye hadithi, yaani kama wameachana Jumatano asubuhi na wewe unaona Jumatano asubuhi. Wasichana watano, Eva, Noora, Vilde, Chris na Sana, wanakuwa mashosti kwa sababu ya basi. Norwei wanaomaliza sekondari wanavaa maovaroli mekundu, wanachangishana kukodi au kununua basi na kufanya sherehe hadi tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa, na usipokuwa na kundi la basi unaonekana huna watu. Aliyewaambia wenzake kweupe kwamba hawana umaarufu wowote na wanahitaji mpango ni Sana, msichana wa hijabu ambaye hata pombe ya humo kwenye basi hainywi.

Kwa hiyo alipotangaziwa msimu wake watu walifurahi mno. Iman Meskini aliyemwigiza ni Mwislamu anayevaa hijabu kweli, na mtindo ule wa muda halisi ukaangukia Ramadhani yenyewe, ilianza mwishoni mwa Mei 2017 na tamthilia ikaisha tarehe 24 Juni. Hebu fikiria, Oslo mwezi wa sita magharibi inaingia saa nne na nusu usiku na ushee. Sisi wa huku tuliozoea kufuturu saa kumi na mbili na kitu tunaweza kukisia siku ya yule binti inavyokuwa ndefu, shule, marafiki wanakula mbele yake, na bado ana mambo ya moyoni kwa Yousef ambaye yeye amejiondoa kwenye dini.

Wanaoutetea msimu wana hoja nzuri na sitaki kuzipuuza. Ya kwanza, Sana aliruhusiwa kukosea. Anagundua kina Sara, wasichana waliojiunga nao kwenye basi, wanamsema pembeni na hawamtaki, naye analipiza kwa kufungua akaunti isiyo na jina na kuanika meseji za zamani ambazo Sara alimtumia Isak. Ni kosa baya, na kuna waliokasirika kwamba kwa nini yeye ndo afanywe hivyo, ila hapa nipo upande wa Andem moja kwa moja, Eva alimchukulia rafiki yake mvulana na tulimpenda hivyohivyo, basi na Sana naye apewe nafasi ya kuharibu na kutubu. Hoja yao ya pili ni kwamba tamthilia nzima ilikuwa inaagwa, kila mhusika ana watu wake wanaomlilia, lazima nafasi igawanywe.

Hiyo ya pili ndo inanisumbua.

Skam ilikuwa na sheria moja ambayo kila mtazamaji aliijua bila kuambiwa: msimu ukiwa wako, kamera haikuachi. Usipokuwepo mahali, sisi hatupaoni. Ndo maana tulimwelewa Isak vile, mvulana anayempenda mvulana mwenzake, Even, na anaficha, majuma yote yale ya msimu wa tatu tumebanwa ndani ya kichwa chake, tunasubiri meseji pamoja naye, tunaogopa anachoogopa. Eva alipewa hivyo mpaka mwisho. Noora vilevile. Wiki ya mwisho ya Sana kamera ikaondoka, ikaenda kwa Even, ikaenda kwa Vilde nyumbani kwao ambako tunaona mama hajiwezi na mtoto ndo anabeba nyumba, na wengine. Kile kipande cha Vilde ni kizuri sana, kinaeleza mambo mengi tuliyomhukumu nayo tangu msimu wa kwanza, lakini kilikatwa kwenye nguo ya nani? Na kabla ya hapo majuma mangapi yalienda kwenye maumivu ya Noora na William, mapenzi ambayo tayari yalishapewa msimu wake mzima.

Halafu lile benchi. Isak anakaa na Sana nje, Sana anaeleza jinsi anavyochoka kutazamwa na kuulizwa maswali kama vile yeye ni kitu cha ajabu, na Isak anamwambia maswali mengine ni ya kijinga tu hayana chuki, na ni muhimu ayajibu, maana watu wakiacha kuuliza watajitungia majibu wenyewe. Wanaoipenda hii sehemu wanakumbusha kwamba msimu wa tatu Sana ndo alimweleza Isak chuki haitoki kwenye dini, inatoka kwenye woga, kwa hiyo hapa rafiki anarudisha fadhila. Nakubali kwamba kuna upendo pale, Isak hana ubaya wowote. Ila angalia nani kaachiwa kazi. Binti kafunga, katengwa, kaomba msamaha, na anaambiwa aendelee kuwaelimisha watu. Mvulana anaweza kuficha kinachomfanya aulizwe, na kwa muda mrefu alificha, Sana hijabu yake inaingia darasani kabla yake. Wasichana Waislamu wengi waliandika kwamba hapo ndo walihisi msimu umewaacha, na wakaambiwa wana hasira za bure.

Kwenye mwisho wa tamthilia, siku ya Idi, marafiki wote wamekuja na anasomewa hotuba ya kumshukuru, watetezi wanasema si hayo mnayoyataka, anapendwa. Anapendwa kweli, mimi nililia. Lakini hotuba inamsifu kwa jinsi alivyowashika wengine, na sisi tungetaka pia dakika za yeye kushikwa, Noora au Vilde akae naye usiku mmoja akisubiri magharibi bila kuhitaji kufundishwa kitu, au mama yake apewe mazungumzo marefu zaidi, maana kila wanapokaa pamoja wale wawili tamthilia inatulia vizuri kabisa.

Na iliwezekana. Skam iliigwa na nchi nyingine, na Italia kwenye toleo lao walipofika kwa Sana wao mwaka 2020 walimweka mwandishi Mwislamu, Sumaya Abdel Qader, awe mshauri wao, ingawa binti aliyeigiza, Beatrice Bruschi, hakuwa Mwislamu na hilo nalo lilizua maneno. Kwa kuigiza Norwei wako mbele, Meskini huwezi kumlinganisha na yeyote kwenye hizo za kuigwa zote. Ndo kinachouma zaidi, kwamba uso walikuwa nao, sauti walikuwa nayo, Ramadhani ya kweli ikawaangukia mikononi, na zikabaki siku chache tu kamera ikae palepale ilipokuwa.