Dholuo ina irabu tisa, tunaandika tano: tuongeze?

Mjadala wa tahajia ukianza huku Kisumu, hakosekani wa kusema Dholuo, lugha ya Wajaluo, imeandikwa nusunusu. Hakosei. Lugha ina irabu tisa, herufi ni a, e, i, o, u tu. Ukiitoa a, kila herufi hubeba sauti mbili: mzizi wa ulimi ukisogea mbele, au ukirudi nyuma. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, nayo haiandikwi. Ndiyo maana kendo ya kuoa, kendo ya mekoni na kendo ya ‘tena’ hufanana kabisa kwenye karatasi.

Aliyekulia lugha hiyo hakwami, sentensi humwongoza. Anayekwama ni mtoto wa mjini aliyelelewa kwa Kiswahili na Kiingereza.

Wanaotaka irabu zote huelekeza kwenye herufi kama ɛ na ɔ, zilizopendekezwa kwa lugha za Afrika tangu miaka ya 1920. Kikwazo ni kibodi. Herufi isiyo karibu na kidole kwenye simu huachwa, watu wakaweka e, na punde kunakuwa na tahajia mbili: ya kitabuni na ya WhatsApp.

Kuna njia nafuu isiyozungumzwa sana. Irabu za Dholuo hupatana: ndani ya shina moja kwa kawaida zote ni za kundi moja, la mbele au la nyuma, na a hukaa na lolote. Basi alama moja mwanzoni mwa neno ingetosha. Inapovurugika ni kwenye maneno ambatani, kila nusu ikiwa na kundi lake.

Hati mpya kabisa, kama Luo Lakeside iliyobuniwa kati ya 2009 na 2012, ina fahari yake, na fahari si kitu kidogo. Lakini Adlam, hati ya Kifulani iliyozaliwa Guinea mwishoni mwa miaka ya 1980, iliingia Unicode, orodha ya herufi ambazo simu na kompyuta huzitambua, 2016 tu. Hati isiyomo humo, ukiituma kwa simu, humfikia mwenzako ikiwa visanduku vitupu.

Kwangu, tano zibaki magazetini. Alama ziende kwenye kamusi, vitabu vya wanaoanza kusoma na maneno yanayogongana.

Kwa lugha ambayo tahajia yake bado inapangwa, msibishane mezani. Kusanyeni maneno kama 1,500, mtafute jozi zinazotofautiana kwa sauti moja, kisha mwandike aya zenye ugumu sawa kwa kila mfumo. Wasomaji wasome kwa sauti, mhesabu wanaporudi nyuma. Msimpe aliyeziandika: huyo anasoma kwa kumbukumbu.