Tybalt hasemi "habari za jioni"

Nimechoka kumsikia Tybalt, binamu mgomvi wa Juliet, akisema "habari za jioni". Ndiyo maneno anayowekewa kinywani kila mtu anapotafsiri Romeo and Juliet ya Shakespeare kwa kufuata kamusi, au anapoiachia programu ya kompyuta imfanyie kazi. "Good e'en", kifupi cha "good even", imeonekana, "jioni" imeandikwa, mtu anaendelea na mstari unaofuata.

Hebu tazama pale anapoisema, tendo la 3, onyesho la 1. Benvolio ametoka tu kumsihi Mercutio, rafiki mwenzake wa Romeo, warudi nyumbani: siku ina joto, watu wa Capulet, ukoo hasimu wa Juliet na Tybalt, wako nje, na katika joto kama hili damu huchemka upesi. Romeo anaingia akitoka kufunga ndoa, na baadaye anasema mwenyewe kwamba Tybalt amekuwa jamaa yake kwa saa moja tu. Ndoa hiyo ilipangwa ifungwe baada ya saa sita mchana. Kwa hiyo tuko juani, mawe ya uwanja yanaunguza, na joto hilo ndilo linalowatia vijana wazimu wa kuchomoa panga. Mpe Tybalt "habari za jioni" na jua lote limezimwa. Mtazamaji anahisi kivuli na upepo, kisha anashangaa mbona watu wawili wanauawa ghafla hivi.

"Even" ya Waingereza wa wakati ule haikungoja jua lishuke. Ilianza mara tu jua linapopinduka. Ushahidi haujafichwa popote, umo ndani ya mchezo huohuo, tendo la 2, onyesho la 4. Yaya wa Juliet anaingia na kuwasalimu vijana kwa "good morrow", salamu ya asubuhi. Mercutio anamrudishia "good den", yaani "good even" ileile. Yaya anashtuka na kuuliza: ni "good den" tayari? Mercutio anamjibu kwa matusi yake ya kawaida kwamba mshale wa saa umeshaigusa alama ya adhuhuri. Onyesho linalofuata linathibitisha: Juliet analalamika kwamba alimtuma yaya saa tatu asubuhi, na sasa ni saa sita, saa tatu nzima za kungoja. Basi mpaka kati ya salamu mbili ni saa sita kamili. Jioni yetu je? Wengi wetu hatuitaji mpaka saa kumi, hata kumi na moja. Kuna pengo la saa nne au tano ambalo mfasiri analiruka kwa neno moja.

Na neno la kuliziba tunalo. Ni masalkheri. Sabalkheri kwa "good morrow", masalkheri kwa "good even" na "good den". Neno la Kiarabu lililomo ndani yake, masaa kwa maana ya jioni, huhesabiwa tangu adhuhuri, na mtu aliyezoea kusikia adhana hahitaji kuelezwa maana ya jua kupinduka. Zaidi ya hapo, salamu hizi mbili zimezaliwa kwa namna moja. "Good den" ni dua iliyolika kwa kutumika: Mungu akupe "even" njema. Watu walivyoisema haraka, "d" ya "good" ikaruka ikaganda kwenye "e'en", likapatikana neno "den" ambalo peke yake halina maana yoyote. Masalkheri nayo ni maneno mawili yaliyobanwa yakawa moja, na Waarabu wana pia dua kamili, massaka Allahu bil-khayr, Mungu akujaalie jioni ya heri. Jaribu kuyasema jukwaani:

"Mungu awape sabalkheri, mabwana."
"Mungu akupe masalkheri, bibie."
"Kwani ni masalkheri tayari?"

Mzaha umesimama wenyewe, bila tanbihi. Ukiweka "habari za mchana" umeharibu, kwa sababu habari hudai jibu, na anayejibiwa "nzuri" hawezi tena kuulizwa kama wakati umefika. Nakubali kwamba masalkheri ina harufu ya pwani, na msomaji wa bara anaweza kuiona ngeni katika kinywa cha Mkatoliki wa Verona. Sawa. Lakini ugeni kidogo nauvumilia. Saa ya uongo siivumilii.

Hata wahariri wa Kiingereza walinaswa. Katika Hamlet, tendo la 1, onyesho la 2, Hamlet anamsalimu Barnardo kwa "good even, sir". Kwa kuwa onyesho la kwanza linamalizika walinzi wakisema watamtafuta asubuhi hiyo, Hanmer na Warburton, wahariri wa karne ya 18, walilifuta neno na kuweka "morning". Samuel Johnson aliwakatalia katika chapa yake ya 1765: mfalme ameshafanya baraza lake, na hakuna kinachoonyesha siku imekwenda umbali gani. Nasimama na Johnson. Saa sita ikishapita kidogo tu, neno liko mahali pake.

Kuna mahali pamoja ambapo saa haisaidii. Tendo la 3, onyesho la 5, Capulet, babake Juliet, anamfokea yaya kwa "God ye good den" na kulipambazuka muda si mrefu. Pale hasalimu, anamfukuza. Andika "haya, nenda zako" na usiogope.

Kwenye Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere alitupa kwa Kiswahili tangu 1963, mtego ni wa namba. Portia anauliza saa, mtabiri anajibu kwamba ni kama saa ya tisa. Mkono unataka kuandika "saa tisa", tena kwa raha, maana Warumi nao walihesabu tangu macheo kama sisi. Lakini Shakespeare anahesabu kwa saa ya London: muda mfupi kabla, Brutus amemwambia Caesar kwamba imegonga nane, yaani saa mbili asubuhi. Basi ya mtabiri ni saa tatu asubuhi. Saa tisa ya Kiswahili katika mchezo huu imeshapita, usiku, kengele ilipogonga mara tatu nyumbani kwa Brutus na Trebonius akasema wakati wa kuagana umefika.