Sukari ya Ramadhani, njaa ya Juni

Kigoma watu wanatoa. Naanza na hilo kwa sababu tumezoea kusomewa kwamba sisi ni hodari wa kuchangia harusi na wazito wa kusaidia wenye shida. Mimi naweka hazina ya kikundi kidogo cha kujitolea hapa Kigoma Ujiji, kwa hiyo majina ya wanaotoa nayaona: wauza vitenge, mafundi cherehani, bodaboda, walimu, wenye vibanda vya miamala, na watoto wa hapa waliohamia Dar es Salaam ambao wakisikia neno migebuka, samaki wa ziwa letu, bado wanameza mate. Ugomvi wangu nao ni mmoja, nao ni wa kalenda. Tunatoa siku ambazo mioyo yetu imelainika, na shida inabisha hodi siku nyingine kabisa.

Chukua mwaka 2024. Ramadhani iliingia Machi, Idi ikaswaliwa Aprili 10. Mwezi ule stoo yetu, ambayo ni chumba cha nyuma cha mwanachama mwenzetu, ilijaa sukari, tende, mchele na ngano mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri. Zipo nyumba pale Ujiji zilizofikiwa na msikiti, na mfanyabiashara, na sisi, ndani ya juma moja. Wiki tano baada ya Idi, Mei 15, ziwa likafungwa. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wapate kuzaliana, na huku kwetu uvuvi ulisitishwa hadi Agosti 15. Uamuzi wenyewe siupingi. Mzee yeyote aliyevua miaka mingi Katonga atakusimulia jinsi samaki walivyopungua. Ila tarehe ilitangazwa mapema, kila mtu aliijua, na bado sisi wa misaada tulifika Mei tukiwa tumemaliza kila kitu kwenye futari.

Watu wa mbali wakisikia ziwa limefungwa wanamfikiria mvuvi peke yake, na mwenye chombo kwa kweli huwa na akiba kidogo. Nenda mwaloni Kibirizi, vyombo vinaposhusha samaki, siku ya kawaida uone ni wangapi wanakula kupitia dagaa ambao hawakuwavua wao. Kuna kijana anayebeba ndoo kutoka kwenye mtumbwi. Kuna mama anayeanika, anayegeuza, anayekusanya jua likizama, analipwa kwa siku. Kuna anayepakia magunia, anayeshona nyavu, mama ntilie aliyeinjika chungu cha maharage tangu alfajiri akiwasubiri hao wote. Ziwa likilala, mama ntilie halali njaa siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza anapunguza unga, ya pili anakopesha wateja wasiolipa, ya tatu anazima moto.

Juni ile nilimpelekea bibi mmoja mfuko uliobaki kwenye stoo. Akauangalia, akacheka.

“Mwanangu, sukari ninayo tangu mfungo. Nitaikoroga na nini? Unga ndio sina.”

Halafu ikaja Idi ya kuchinja, Juni 17, katikati kabisa ya kufungwa kwa ziwa. Nyama ikagawiwa kwa wingi, Mungu awalipe waliochinja. Siku iliyofuata nilikuta nyumba ambazo zilikuwa na nyama na hazikuwa na unga wa muhogo wala mafuta ya mawese ya kuipikia. Nyama bila friji ni chakula cha siku moja, ukijitahidi kuibanika ni cha siku mbili.

Kufungwa kwa ziwa angalau ni jambo kubwa, linatangazwa redioni. Kuna njaa ndogo ndogo ambazo hazitangazwi na zina ratiba inayojulikana na kila mtoto wa mwaloni. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu tena, ziwa lote limeangaza, na vyombo vingi vinabaki ufukweni. Kwa hiyo kila mwezi wa angani zipo siku ambazo mwanika dagaa hana cha kuanika. Njoo na masika: dagaa wanapatikana, mvua inanyesha mfululizo, hawakauki, wanaoza juu ya vichanja, na aliyewanunua kwa mkopo anabaki na deni na harufu. Halafu Januari. Ada ya shule ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, jambo jema, lakini mtoto haendi shule amevaa waraka wa serikali. Anataka sare, viatu, madaftari, na mchango wa chakula pale unapokubaliwa na wazazi. Na Januari ndiyo mwezi ambao mtoaji wetu mwenyewe ameishiwa, ametoka kula Krismasi.

Mtu akinijibu kwamba kaya hizo zina TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, namwambia ni kweli, baadhi zimo, na fedha ile imewainua wengi. Ila inapangwa kutoka kila baada ya miezi miwili, na kaya iliyoyumba mwezi uliopita haiwezi kuwa imeandikwa kwenye orodha iliyokusanywa zamani. Mama aliyefiwa na mume Machi bado kwenye karatasi ana mume.

Nadhani ugonjwa huu wa kalenda tumeurithi kwa kuishi karibu na mashirika makubwa. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kizazi baada ya kizazi. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996. Mei 2015, maelfu waliokimbia Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani, meli ya MV Liemba ilikuwa inawaleta mjini safari baada ya safari na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha kuwapokea. Magari meupe tunayajua, na tunajua yanavyoondoka bajeti ikiisha. Kikundi cha watu wa mtaani hakina bajeti ya mwaka ya kukibana, lakini tunaiga: tunasubiri “tukio”, tunachapisha tisheti, tunamwalika mgeni rasmi, tunakabidhi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani mpaka tukio lijalo. Kiongozi wa mtaa anakaa mbele kwenye kiti cha plastiki, mama mwenye shida anasimama juani na mfuko wa kilo tano akisubiri kamera ikae sawa. (Hili la kamera nina maneno yangu, ila leo siyasemi yote.)

Sasa nani anajua njaa imeingia nyumba ipi, na lini? Tulizunguka sana na swali hili. Balozi wa nyumba kumi anajua, lakini balozi ana ndugu zake. Shehe anawajua wa msikitini, katekista anawajua wa jumuiya yake. Hapa niwasifu Wakatoliki: jumuiya ndogo ndogo inakutana kila wiki nyumbani kwa mtu, na ukiingia ndani ya nyumba ya mtu kila wiki huwezi kukosa kuona kwamba jiko halijawashwa. Ila anayejua kuliko wote ni Mangi wa dukani, jina la Kichaga tunalomwita kila muuza duka, hata kama kabila lake ni Muha. Daftari lake la madeni ndilo takwimu ya mtaa. Mama aliyekuwa anakopa nusu kilo ya unga na kulipa kesho yake, ukiona amekopa wiki nzima hajalipa, kisha amepotea kabisa kwa sababu anaona haya kupita mbele ya duka, hapo huhitaji kufanya utafiti.

Ndiyo maana siku hizi sehemu kubwa ya fedha yetu haigeuki kuwa mifuko ya zawadi. Tunakwenda dukani tunalipa deni, au tunaacha kiasi mama achukue anachokitaka yeye. Hakuna foleni wala sherehe, na jirani hajui. Mama anachukua unga kama mteja. Na muuza duka mwenyewe, ambaye mtaji wake umelala kwenye madeni ya mtaa mzima, anapata kununua gunia jingine. Miezi ile ya ziwa kufungwa maduka nayo yalikuwa yanakauka, jambo ambalo mfuko wa sukari kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini ulizidi kuliharibu: ukigawa sukari bure mtaani, umemuua muuza sukari wa mtaa.

Njia hii ina mianya yake. Muuza duka anaweza kuongeza sifuri. Kwa hiyo tunawauliza mama na muuza duka kila mmoja peke yake, na wanakwenda wanachama wawili, mmoja asiwe wa mtaa huo. Wapo pia waliotuambia tunalipia watu sigara. Yawezekana. Nimeona pia mchele wa msaada ukiuzwa Mwanga sokoni siku mbili baada ya kukabidhiwa kwa shangwe, na aliyeuuza alikuwa anatafuta nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Sijui ni nani kati yetu ana haki ya kumkasirikia.

Kazi ngumu imekuwa kuwashawishi watoaji. Tulipoamua kwamba sehemu ya michango ya Ramadhani na ya Krismasi itunzwe kwa ajili ya miezi mibaya, simu zilipigwa. “Nimetoa futari, kwa nini umeiweka benki?” Swali zuri, na jibu lake lazima liwe safi. Fitri, zaka ya mwisho wa Ramadhani, hatuigusi: ile ina wakati wake, inatakiwa imfikie mlengwa kabla ya swala ya Idi, na hakuna mweka hazina mwenye ruhusa ya kuipangia tarehe nyingine. Mtu akisema fedha hii ni ya kufuturisha, inafuturisha. Lakini sadaka ya kawaida haina msimu, na tunachoomba ni mtoaji aseme hivyo tangu mwanzo: “Tumieni mtakapoona shida.” Wengi wakieleweshwa wanakubali. Wachache walihamia kwenye vikundi vyenye tisheti, na sina kinyongo.

Wa Dar ndio wagumu zaidi, na nawaelewa. Mtu yuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, ametuma fedha kwa watu aliosoma nao, anataka uhakika haikuliwa. Akiomba picha ya bibi ameshika mfuko, kwake hiyo ndiyo risiti. Sisi tunampa risiti halisi: karatasi ya duka, kiasi, tarehe, mtaa, bila jina wala sura ya mtu. Kila mwisho wa mwezi daftari linasomwa mbele ya wanachama, kilichoingia na kilichotoka, na asiyekuwepo anatumiwa sauti kwenye simu. Mtoto wa bibi huyo naye yuko kwenye makundi hayo hayo ya WhatsApp; sioni kwa nini amwone mama yake kwenye simu akiwa amepangwa mstari.

Kuhusu kiasi: naomba kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mtu mmoja anayetuma shilingi 2,000 kila mwezi ananisaidia kupanga kuliko anayetoa laki moja siku ya harambee akapigiwa makofi. Tozo za miamala zilipokuja Julai 2021 michango hii midogo iliumia sana, kwa sababu mtu hapendi kukatwa kwa kutoa sadaka. Tukajifunza kutumia wakusanyaji: mmoja stendi, mmoja sokoni, mmoja kwa walimu, anakusanya mkononi kisha anatuma kwa pamoja. Mpaka leo tunafanya hivyo ingawa tozo zimeshapunguzwa, kwa sababu mkusanyaji aliyesimama mbele yako hana kitufe cha kumzima.

Na wanaojitolea je? Nao wana kalenda. Siku ya makabidhiano vijana wanajaa. Julai, jua kali, kupanda kilima kwenda kuzungumza na mzee ambaye hataki kusema ana njaa, unawatafuta kwa tochi. Wazee wa kikundi wanasema vijana wa sasa wameharibiwa na posho za semina. Mimi sikubaliani nao. Kijana anayeuza vocha akikupa siku yake amekupa chakula cha jioni cha kwao. Mlipe nauli na sahani ya ugali kwa dagaa, iandikwe kwenye daftari, isomwe mbele ya watu kama gharama nyingine. Kujitolea kusiwe kazi ya wenye mishahara peke yao. Hoja hii imekwama kwenye vikao vyetu, wanaoipinga wanahofia watoaji wakisikia neno “nauli” watakimbia. Nimependekeza nauli hizo zitoke kwenye ada zetu wanachama, siyo kwenye michango. Kikao kijacho tutapiga kura.

Wakati huo huo, mwenye nia ya kusaidia asitusubiri sisi wala kikundi chochote. Duka la mtaani kwako unalijua. Pita jioni wateja wakipungua, muulize muuza duka kwa sauti ya chini ni nani ameacha kukopa ghafla, na ulipe unachoweza. Mwambie asimtaje aliyelipa. Kwa ajili ya sare za Januari, sisi tunaanza kukusanya Oktoba, kabla mafundi cherehani hawajazidiwa na nguo za Krismasi.